Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki au aspirini: mtazame anayemeza kabla ya kuchagua

Arua, Kisenyi, Malaba, Nakivale: popote Kiswahili kinaposemwa kwenye kaunta ya duka la dawa hapa Uganda, ombi ni lilelile. "Daktari, nipe ya maumivu, lakini iwe kali." Muuzaji anafungua kopo, anahesabu vidonge vya diklofenaki, anavitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi, anaandika 1x3, na mteja anaondoka. Hakuna aliyeuliza umri wala presha. Hakuna aliyeuliza kama mama huyu ni mjamzito, kama mzee huyu aliwahi kutapika damu, au kama kijana huyu anameza ARV kila usiku. Nauza dawa, jambo hili naliona mara kwa mara, na bado linanisikitisha, kwa sababu maswali hayo hayamalizi hata dakika mbili.

Dawa nne za maumivu zinazonunuliwa zaidi bila cheti cha daktari hazipishani kwa ukali kama watu wanavyodhani. Zinapishana zaidi kwa kiungo ambacho kila moja inaweza kukidhuru: ini, tumbo, figo, moyo. Ndiyo maana katika ulinganisho huu naanza na mtu kila mara, kisha dawa.

Parasetamoli au ibuprofeni?

Mwili ukiumia hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na hizo ndizo zinazoleta uvimbe, joto na maumivu. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usizitengeneze. Mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ibuprofeni na diklofenaki zinapita njia hiyohiyo. Shida ni kwamba prostaglandini hizohizo zinalinda utando wa tumbo usichomwe na asidi, na zinasaidia damu kufika kwenye figo wakati mwili umepungukiwa maji. Ukizizuia kwenye goti, umezizuia tumboni na kwenye figo pia.

Parasetamoli, ambayo wengi wanaiita Panadol hata kama kiwanda ni kingine, haimo katika ukoo huo. Inashusha homa na kutuliza maumivu, lakini uvimbe haiupunguzi kwa kiasi cha maana. Kwa upande mwingine, haichubui tumbo, na kwa dozi ya kawaida haisumbui figo za watu wengi.

Kwa hiyo kwa kichwa kinachouma, homa, na mwili mzima unaouma kwa mafua, parasetamoli inatosha, na ndiyo ningempa mtu yeyote kwanza. Kwa jino, kifundo cha mguu kilichoteguka na maumivu ya hedhi, ibuprofeni huwa bora. Hedhi ni mfano mzuri, kwa sababu maumivu yake yanaletwa na prostaglandini zinazobana mji wa mimba. Dada anayeanza ibuprofeni maumivu yanapoanza tu, akaendelea siku mbili au tatu baada ya kula, anapata nafuu kuliko anayesubiri mpaka ajikunje kitandani.

Mgongo ni jambo jingine. Utafiti mkubwa uliofanywa Australia na kutolewa mwaka 2014 uliwalinganisha watu wenye maumivu mapya ya kiuno waliopewa parasetamoli na wengine waliopewa kidonge kisicho na dawa. Walipona kwa muda uleule. Ibuprofeni inasaidia mgongo kidogo, si sana, na kuendelea kutembea kunasaidia kuliko kulala siku nzima.

Dozi sasa. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi anameza parasetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja au viwili, na kukaa angalau saa nne kabla ya kurudia. Vidonge visizidi 8 ndani ya saa 24. Mwenye mwili mdogo, mlevi, au mwenye ugonjwa wa ini ameze pungufu ya hapo, na aulize kwanza. Ibuprofeni ni miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, mara tatu kwa siku, na jumla isizidi miligramu 1200 bila daktari. Ukitumia ya 400, hiyo ni vidonge vitatu tu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, vyote baada ya kula.

Kwa sababu njia zao ni tofauti, parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kutumika pamoja, na kwa jino linalouma vibaya zikiwa pamoja zinashinda moja peke yake. Ibuprofeni na diklofenaki, hapana. Ibuprofeni na aspirini ya maumivu, hapana. Hizo ni ndugu wa damu: ukichanganya, nafuu haiongezeki kwa kiasi cha maana, ila vidonda vya tumbo vinakaribia.

Parasetamoli nayo ina hatari yake, na watu wanaidharau kwa sababu inauzwa hata kwenye vibanda vya muda wa maongezi. Ikizidi inaharibu ini. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi kitu, wakati ini linaendelea kuharibika. Dawa ya kuokoa ini ipo hospitalini, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Mtu akizidisha, kwa bahati mbaya au kwa huzuni ya maisha, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheka na kuongea. Na angalieni dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani. Anayemeza dozi kamili ya za mafua kutwa nzima, halafu akaongeza Panadol mbili jioni kwa ajili ya kichwa, anaweza kupita kipimo bila kujua.

Ibuprofeni au diklofenaki?

Hapa ndipo ninapobishana na wateja. Diklofenaki ina sifa ya ukali, na sifa hiyo imeenea kwa madereva wa malori wanaosubiri mpakani Malaba na Elegu, kwa vijana wa boda boda, kwa wabeba mizigo wa Owino. Ukweli ni kwamba kwa maumivu ya ghafla, kidonge cha diklofenaki cha miligramu 50 na ibuprofeni ya miligramu 400 vinakaribiana sana. Anayehisi diklofenaki "inafika" mara nyingi amezoea kumeza ibuprofeni ya 200, kidonge kimoja, na hiyo ni nusu ya dozi aliyohitaji.

Tofauti yao kubwa iko kwenye moyo. Diklofenaki inaongeza uwezekano wa mshtuko wa moyo na kiharusi kuliko ibuprofeni ya dozi ndogo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilielekeza kwamba watu wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kupata kiharusi, au wenye mishipa iliyoziba wasipewe kabisa. Januari 2015 Uingereza ikaondoa vidonge vya diklofenaki kwenye kaunta. Tangu hapo vinahitaji cheti cha daktari. Kwetu vinapatikana kirahisi kama sukari, na wanaovitafuta zaidi ni wazee wenye magoti mabovu, ambao ndio hao wenye presha na moyo uliochoka.

Kwa kijana mwenye afya, siku mbili tatu za diklofenaki baada ya kuteguka si janga. Lakini kama ibuprofeni inafanya kazi hiyohiyo kwa hatari ndogo, sioni sababu ya kuanza na diklofenaki. Kwa mzee nasema hapana, isipokuwa daktari aliyempima amemwandikia.

Na sindano? Watu wengi wanaamini sindano ya diklofenaki inalikwepa tumbo kwa sababu haimezwi. Hailikwepi. Dawa ikishaingia kwenye damu inazuia prostaglandini za tumbo kama kawaida. Sindano inaongeza tu hatari zake: jipu kwenye tako, au mshipa wa fahamu kuchomwa na mguu kudhoofika. Kwa mtu anayeweza kumeza, kidonge kinatosha. Ikiwa kliniki inakuchoma kila unapoenda na kiuno, bila kukupima presha wala kukuuliza kitu, tafuta kliniki nyingine.

Jeli, kwa upande wake, inadharauliwa bure. Jeli ya diklofenaki inayopakwa kwenye goti, kifundo au kiwiko inaingiza kwenye damu sehemu ndogo tu ya kile ambacho kidonge kingeingiza, kama asilimia 6. Goti linapata dawa, tumbo na figo zinabaki salama zaidi. Bibi mwenye maumivu ya magoti aanze na jeli, mara tatu au nne kwa siku, aipe wiki mbili kabla ya kuihukumu. Haifai kwa mgongo ulio ndani sana wala kwa kidonda kilicho wazi. Bei yake ni juu kidogo kuliko vidonge vichache vya bahasha, lakini ni nafuu kuliko kulazwa.

Aspirini

Nitaipita haraka, kwa maana kama dawa ya maumivu nafasi yake imebaki ndogo. Inauzwa sana ikiwa ndani ya vidonge vya mchanganyiko vya kichwa, pamoja na parasetamoli na kafeini, kwa hiyo wengi wanaimeza bila kujua. Inazuia damu kuganda kwa siku kadhaa baada ya kidonge kimoja. Isipewe mtu wa chini ya miaka 16, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya wa ubongo na ini, hasa mtoto akiwa na homa ya virusi. Mtu aliyeandikiwa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo asiiache, na akihitaji ibuprofeni siku moja, ameze aspirini kwanza na kusubiri angalau nusu saa. Akitanguliza ibuprofeni, aspirini inakosa nafasi ya kulinda moyo.

Figo, presha na ARV

Kama kuna sehemu ya kusoma mara mbili, ni hii. Figo haziumi zinapoharibika. Hakuna atakayekuambia "figo zangu leo zinalalamika", na ndiyo maana mkulima anayemeza kidonge kila asubuhi kabla ya kushika jembe, au dereva anayekunywa maji kidogo ili asisimame njiani, anaweza kuendelea miaka bila kujua.

Anayetumia dawa za presha kama captopril, enalapril, lisinopril au losartan, pamoja na dawa ya kukojoza kama furosemide, akiongeza ibuprofeni au diklofenaki anaziweka figo zake kwenye hatari kubwa. Dawa hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuziangusha figo ndani ya siku chache, hasa mgonjwa akiwa anaharisha au anatapika. Tena dawa hizi za maumivu zinapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa yake. Nimekutana na watu wanaolaumu vidonge vya presha kwamba havifanyi kazi, kumbe kila jioni wanameza cha goti. Kwao parasetamoli, na jeli kwa goti.

Halafu ARV. Hapa Uganda wengi wanaoanza matibabu ya VVU wanapewa kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Ni dawa nzuri, imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini tenofovir inatolewa na figo na inaweza kuzichosha, na maelezo yake yanatahadharisha wazi dhidi ya kuichanganya na dawa za ukoo wa ibuprofeni na diklofenaki kwa dozi kubwa au kwa muda mrefu. Najua ugumu uliopo: hutaki kutaja ARV zako mbele ya foleni ya watu. Huhitaji kuzitaja. Sema tu, "Natumia dawa inayogusa figo, nipe parasetamoli." Mhudumu mwenye akili ataelewa na hatauliza zaidi.

Wenye selimundu (sickle cell) wanahitaji uangalifu wa aina yake. Maumivu yao ni makali kweli, na ibuprofeni au diklofenaki hutumika kwao, lakini ugonjwa wenyewe unaharibu figo taratibu tangu utotoni. Wasijinunulie kwa wiki nzima nyumbani. Waanze na parasetamoli na maji mengi, na kliniki yao iamue dawa ya ziada na idadi ya siku.

Wanaofunga Ramadhani, kuanzia Bombo hadi Arua, wanapata matatizo mawili kwa pamoja: tumbo tupu na mwili usio na maji. Usimeze ibuprofeni wakati wa daku na kubaki mchana kutwa bila maji kama unaweza kuepuka. Parasetamoli baada ya futari na nyingine wakati wa daku inatosha kwa wengi. Kama maumivu yanahitaji ya kupunguza uvimbe, muulize mfamasia juu ya naproxen, ambayo inamezwa mara mbili kwa siku, na uimeze pamoja na chakula. Mwenye figo mbovu au vidonda asijaribu hata hiyo.

Mjamzito, mtoto, mwenye vidonda, mwenye pumu

Mjamzito: parasetamoli, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa siku chache. Kuanzia wiki ya 20, ibuprofeni na wenzake wanaweza kudhuru figo za mtoto tumboni na kupunguza maji yanayomzunguka, na kadiri mimba inavyokua wanaweza kuufunga mapema mshipa mmoja wa damu karibu na moyo wake. Hata kabla ya wiki hizo, muulize mkunga kwanza.

Mtoto anapimwa kwa kilo. Kwa mara moja, parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na ibuprofeni ni 5 hadi 10 kwa kila kilo. Soma chupa, maana nguvu ya sharubati inatofautiana, na tumia kipimo kilichokuja nayo badala ya kijiko cha chai. Ibuprofeni isipewe mtoto wa chini ya miezi mitatu, anayeharisha au kutapika, wala mwenye tetekuwanga. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa haponi kwa sharubati ya dukani. Apelekwe kituo cha afya.

Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo asidanganywe kwamba akila kwanza yuko salama. Chakula kinapunguza kiungulia, hakimzuii kutokwa damu, na kidonda kinaweza kuvuja bila kuuma kabisa. Pombe, waragi hasa, inazidisha. Ikibidi atumie, daktari atamwandikia na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Mwenye pumu naye aulize kabla, kwa sababu kwa baadhi yao aspirini au ibuprofeni inabana kifua ndani ya saa moja au mbili.

Homa isiyojulikana

Homa hapa kwetu ipimwe malaria kwanza. Kipimo cha tone la damu kinapatikana kwenye vituo vya afya, na hata baadhi ya wahudumu wa afya wa kijiji wanacho. Dawa ya maumivu inashusha joto, mgonjwa anajisikia vizuri, na malaria inaendelea kukomaa. Malaria kali yenyewe inagusa figo, kwa hiyo parasetamoli ndiyo ya kushusha homa wakati mnaenda kupimwa.

Kuna sababu nyingine. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende Septemba 2022, na ule wa Kampala Januari 2025, ulitukumbusha kwamba ugonjwa huo unaanza kama homa nyingine yoyote. Kwa homa zinazoweza kuleta kutokwa damu, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaongeza hatari ya damu kuvuja. Usipojua homa ni ya nini, shika parasetamoli.

Ukinunua

Nenda duka au famasia yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Leseni hubandikwa ukutani, na una haki ya kuitazama. Omba vidonge vikatwe kwenye karatasi yake ya kiwanda, penye jina na tarehe ya mwisho. Kama ni vya kopo, muulizaji asione aibu: jina la dawa na miligramu viandikwe juu ya bahasha, pamoja na saa za kumeza. Bahasha yenye 1x3 peke yake haimsaidii mtu yeyote usiku wa manane.

Kwa kujitibu mwenyewe, homa isizidi siku 3 na maumivu yasizidi siku 10 bila kuonana na mhudumu. Anayemeza dawa za kichwa nusu ya siku za mwezi, dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazomrudishia kichwa.

Acha dawa na uende hospitali mara moja ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, mkojo ukipungua sana, uso au miguu ikivimba, kifua kikibana au kuuma, mdomo ukienda upande, au ngozi ikitoka malengelenge. Beba bahasha na dawa zako zote, hata zile unazozificha, umwonyeshe daktari peke yake.